ESARBICA: Chama cha Watunza Nyaraka au cha Serikali Zao?

Mwulize mtunza kumbukumbu wa wizara yoyote Dodoma au Nairobi kama yeye ni mwanachama wa ESARBICA, na huenda akakujibu, "Idara yetu ni mwanachama." Jibu hilo fupi linagusa kitendawili chote cha chama hiki. Kinahesabiwa kuwa chama cha kitaaluma: kina jarida lake, kina mkutano mkuu kila baada ya miaka miwili, kina viongozi wa kuchaguliwa. Lakini wanaokibeba hasa ni taasisi, na karibu zote ni za serikali. Mwanasheria huingia chama cha wanasheria kwa jina lake na ada huitoa mfukoni mwake. Mtunza nyaraka wa ukanda huu, kwa sehemu kubwa, ameingia chamani kupitia kwa mwajiri wake. Kwa maoni yangu, mtu asiyelitazama jambo hilo kwanza hataelewa chama kimeweza nini na kimekwama wapi kwa zaidi ya nusu karne.

Jina lenyewe ni refu: Tawi la Kanda ya Mashariki na Kusini mwa Afrika la Baraza la Kimataifa la Nyaraka. Kwa hiyo hadithi inaanzia mbali na huku kwetu. Baraza hilo, linalojulikana kwa kifupi chake ICA, liliundwa Paris tarehe 9 Juni 1948 chini ya mwavuli wa UNESCO, na rais wake wa kwanza alikuwa Charles Samaran, mkuu wa nyaraka za Ufaransa. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeiachia Ulaya maghala ya nyaraka yaliyolipuliwa, na makaratasi ya nchi moja yalikutwa katika mikono ya nchi nyingine. Waliokutana Paris walijua vizuri maana ya taifa kunyang'anywa majalada yake. Miaka michache tu baadaye baadhi ya serikali hizohizo zilianza kupakia majalada ya makoloni yao kwenye ndege, na katika kikao cha 1948 Afrika karibu yote ilikuwa bado inasemewa na wengine.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1960. Nchi zilizopata uhuru zilihitaji kujua mipaka yake, mikataba yake, nani amepewa ardhi gani na kwa masharti gani, na majibu yalikuwa kwenye makaratasi yaliyorundikwa katika bohari za maofisi ya wilaya. Tanzania ilianza na waraka wa rais mwaka 1963, kisha sheria ya nyaraka za taifa mwaka 1965. Kenya nayo ilitunga sheria yake 1965. Botswana ilianzisha hifadhi yake 1967, Zambia ikapitisha sheria 1969. Hali ya Botswana ilikuwa ya aina yake, maana hadi mwaka 1965 makao makuu ya utawala wake yalikuwa Mafeking, mji ulio ndani ya Afrika Kusini. Nchi nzima ilikuwa inatawaliwa kutoka nje ya mipaka yake, na makaratasi yake yalikaa hukohuko.

Sheria zilikuwepo, watu hawakuwepo. Wataalamu wa mwanzo wengi walikuwa Waingereza, na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakiandaliwa kushika nafasi zao walilazimika kusafiri mbali kusoma. Vituo vya mafunzo vya kikanda vilivyofunguliwa kwa msaada wa UNESCO, Dakar kwa wanaotumia Kifaransa na Accra kwa wanaotumia Kiingereza, vilikuwa upande wa pili wa bara. Mtu aliyerudi na cheti chake alijikuta peke yake nchini, hana mwenzake wa kumwuliza kwa nini mchwa wamerudi au ni majalada gani yanaweza kuchomwa bila hatia.

Upweke huo ndio uliozaa chama. ICA yenyewe ilikuwa imeshaona kwamba kongamano la dunia nzima haliwezi kushughulikia matatizo ya kila eneo. Mwaka 1968 tawi la Asia ya Kusini-Mashariki lilianzishwa Kuala Lumpur. Mwaka 1969, nchini Kenya, likafuata tawi la Afrika Mashariki na Kati, ECARBICA. Neno "Kati" hapo lisikupeleke Kongo. Katika lugha ya utawala wa Kiingereza, Afrika ya Kati ilikuwa Rhodesia mbili (ya Kaskazini, leo Zambia, na ya Kusini, leo Zimbabwe) na Nyasaland (leo Malawi), zile zilizounganishwa kwa nguvu katika Shirikisho lililovunjika 1963. Uanachama ulipopanuka kuelekea kusini, hasa baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980, jina la zamani halikutosha tena, na ECARBICA ikawa ESARBICA. Jarida la chama, lililoanza 1973, nalo likabadili jina.

Tazama pia kilichokuwa kikitokea pembeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967 kwa mbwembwe nyingi, ilivunjika 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Chama cha watunza nyaraka hakikuvunjika. Sidhani ni kwa sababu wahusika walikuwa wema kuliko wanasiasa. Hakikuwa na ndege, reli wala bandari za kugombania, na kamba yake ilikuwa imefungwa Paris, si Arusha.

Nani hasa ni mwanachama?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kuna ngazi kadhaa zinazofanana majina. Juu kabisa ipo ICA, ambayo wanachama wake wakuu ni taasisi za nyaraka za mataifa, ingawa hupokea pia vyama vya kitaaluma, taasisi nyingine na watu binafsi. ESARBICA ni tawi lake: ina katiba yake, viongozi wake na ada zake, lakini kutambulika kwake kunatoka ICA. Pembeni kuna chama cha watunza nyaraka na wasimamizi wa kumbukumbu wa Jumuiya ya Madola, ACARM, kilichoundwa 1984, ambacho humkutanisha mtu wa Lusaka na wa London katika kikao kimoja. Chini kabisa kuna vyama vya kila nchi, ambavyo ndivyo vyama vya watu hasa: cha Afrika Kusini ni cha tangu 1960, Tanzania kuna TRAMPA, Kenya kuna KARMA. Mtu mmoja anaweza kuwa katika ngazi zote nne bila kuona mgongano wowote, mpaka siku atakapotakiwa kusema jambo lisilopendeza kwa mwajiri wake.

Kwamba mwanachama ni taasisi, wala si dola, utaliona vizuri kwa Zanzibar. Katika umoja wa mataifa Zanzibar haina kiti, lakini ESARBICA huihesabu peke yake, mbali na Tanzania Bara. Nyaraka si jambo la Muungano, na hifadhi ya Zanzibar ni ya tangu 1956, kabla hata ya ile ya Dar es Salaam. Ina sheria yake na majengo yake Kilimani, na mkusanyiko wake wa miswada ya Kiarabu umeingizwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Katika kikao cha watunza nyaraka ingekuwa ajabu kuwanyima nafasi wenye hazina kama hiyo kwa sababu tu ya katiba ya nchi.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba azimio la mkutano halibaki mikononi mwa wanataaluma wasio na nguvu. Mkurugenzi aliyelipigia kura hurudi nyumbani na kulipeleka kwa katibu mkuu wa wizara yake. Hasara ni kwamba mkurugenzi huyohuyo ni mtumishi wa umma. Serikali ikiamua kufungia majalada ya kashfa fulani kwa miaka mingi kupita kiasi, au ikiacha ghala linavuja miaka nenda rudi, usitegemee atasimama mbele ya wageni wa nchi kumi na nne kuishtaki. Nguvu ya chama kusema imekuwa kubwa zaidi pale mkosaji alipokuwa mbali, na kwa bahati mbaya alikuwepo mkosaji wa mbali mwenye kosa kubwa kweli.

Majalada yaliyohamishwa

Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliidhinisha mwongozo kuhusu makaratasi ambayo hayakupaswa kukabidhiwa kwa serikali mpya za Kiafrika: yale yanayoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au kuwafichua watoa habari wa polisi, au kutumiwa vibaya na mawaziri watakaokuja. Zoezi hilo lilipewa jina Operation Legacy. Maofisa wa wilaya walitenga majalada katika mafungu mawili, na lile la siri liliruhusiwa kushikwa na Waingereza wenye asili ya Ulaya tu. Yaliyotakiwa London yalisafirishwa. Mengine yalichomwa, na maelekezo yalisema kwamba yasiyoweza kuchomwa yafungwe kwenye makasha yenye uzito na kutoswa baharini, mahali penye kina na pasipo mikondo, mbali na pwani.

Kenya ilianza kuyadai mapema, 1967, ikakataliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijaribu njia nyingine: ikaweka watu London wa kutafuta na kunakili kila kilichohusu Kenya katika hifadhi za Uingereza. Kazi ilikuwa kubwa, na nakala nyingi za filamu ndogo (mikrofilamu) zilirudi Nairobi. Lakini majalada yaliyotolewa kwa siri hayakuwemo katika orodha yoyote ambayo mtafiti angeweza kuiomba. Mtafutaji alikuwa anaonyeshwa nyumba yote isipokuwa chumba ambacho hakujua kipo.

ESARBICA ilichangia hasa katika kuzuia jambo hili lisife. Lilirudi mkutano baada ya mkutano, na makala juu yake zikajaa katika jarida. Wasomi kama Nathan Mnjama, Mkenya aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Botswana, waliandika na kuandika tena hata pale msomaji angeweza kudhani wimbo umechuja. Jambo jingine ambalo mkutano wa pamoja uliwezesha ni kulinganisha. Mwakilishi wa nchi moja akisema majalada ya ofisi ya gavana wake yanakatika ghafla miezi ya mwisho kabla ya uhuru, huweza kuonekana ni uzembe wa karani. Wakisema hivyo wawakilishi wa nchi tano, hiyo ni sera.

Uthibitisho ulitoka mahakamani, haukutoka kwenye maazimio ya mkutano. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliopigania uhuru wakati wa Mau Mau walifungua kesi London wakidai fidia kwa mateso ya kambini. Wanahistoria waliokuwa mashahidi, akiwemo David Anderson, walisisitiza kwamba kuna majalada ambayo serikali haijayatoa. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikakiri kwamba katika jengo lake la Hanslope Park yamo majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, na kwamba ya Kenya peke yake yalikuwa karibu 1,500, katika maboksi 300. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Majalada yenyewe yalihamishiwa Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, na yalipofunguliwa yote idadi ilifika karibu 20,000.

Swali la mali ya nani halijaisha. Hoja ya London imekuwa kwamba hayo ni makaratasi ya serikali ya Uingereza, yaliyoandikwa na watumishi wake. Hoja ya upande wa pili ni kwamba serikali ya Tanganyika au ya Kenya, hata chini ya gavana, ilikuwa serikali ya eneo hilo: wino, karatasi na mshahara wa karani vililipwa kwa kodi ya kichwa na ya kibanda. Mkataba wa Vienna wa tarehe 8 Aprili 1983 ulijaribu kuliweka sawa kwa kusema kwamba nyaraka za eneo lililotawaliwa hupita kwa taifa jipya, pamoja na sehemu ya nyaraka za mtawala inayohitajika kwa utawala wa kawaida. Ulihitaji kuridhiwa na nchi 15 ili uanze kutumika. Hazijafika. Mwaka 2017 ACARM ilitoa msimamo ikiunga mkono nchi zilizonyang'anywa, na uzito wa tamko hilo ni kwamba lilitoka katika chama ambacho Waingereza nao wamo.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika kwa sababu linaenda kinyume na mkondo wa hadithi. Majalada ya Kijerumani ya Tanganyika yamebaki Dar es Salaam, na mwaka 1997 yakaingia katika orodha ya UNESCO. Wajerumani walitolewa na vita. Hawakupata miaka miwili ya kupanga nini cha kuchoma. Wataalamu kutoka Marburg, Ujerumani, walikuja katika miaka ya 1960 kuyapanga na kuyaorodhesha, na leo mtafiti wa Vita vya Maji Maji huanzia Dar, ingawa mawasiliano ya upande wa Berlin yako hukohuko Ujerumani.

Masjala kwanza

Wakati chama kikiwatazama waliochukua, nyumbani kulikuwa kukijaa. Kufikia miaka ya 1980 masjala za wizara nyingi zilikuwa hazipitiki. Majalada yalikuwa sakafuni, yakifungwa kwa kamba, na barua ya mstaafu anayefuatilia mafao yake ingeweza kutafutwa kwa miezi. Hapa inafaa kutenganisha vitu viwili: kumbukumbu ni makaratasi ambayo ofisi bado inayafanyia kazi, na nyaraka ni yale machache yaliyochaguliwa kuhifadhiwa daima. Chama kilikuwa kimeanzishwa na watu wa kundi la pili. Uhalisia uliwasukuma kwa la kwanza, kwa sababu kilichovurugika masjala hakiwezi kufika hifadhi kikiwa kizima.

Ilisaidia pia kwamba wafadhili walianza kutaka serikali ndogo na zinazowajibika, na hakuna anayeweza kupunguza watumishi hewa bila majalada ya watumishi halisi. Nchini Tanzania, mpango wa kuboresha utumishi wa umma wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza kusafisha masjala za wizara kwa msaada wa shirika la kimataifa la usimamizi wa kumbukumbu lenye makao London, IRMT, lililoanzishwa 1989 na Anne Thurston, ambaye awali alikuwa ameisaidia Kenya katika ule msako wake Uingereza. Matokeo yake ni Sheria ya mwaka 2002 iliyounganisha kumbukumbu na nyaraka chini ya idara moja. Uganda ilikuwa imepata sheria ya namna hiyo 2001. Mafunzo nayo yakasogea karibu: kitivo cha sayansi ya habari cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilifunguliwa 1988, chuo cha Bagamoyo, SLADS, mwaka uliofuata, na Chuo Kikuu cha Botswana kikawa kimbilio la wanafunzi wa shahada za juu kutoka kote kanda hii.

Vyuo vilibadili sura ya chama kuliko azimio lolote. Wahadhiri hawana wizara ya kuilinda kwa namna ile ile, na wanahitaji mahali pa kuchapisha. Jarida lililokuwa la wakurugenzi wakieleza hali za idara zao likawa la watafiti, na lugha ikawa kali zaidi. Upande mwingine, mtunza kumbukumbu wa halmashauri ya wilaya ambaye hana makala ya kuwasilisha wala bajeti ya safari amezidi kubaki nyuma. Nauli, hoteli na ada ya kushiriki hulipwa na mwajiri au hazilipwi kabisa.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi haikuwa na nafasi katika chama hiki. Baada ya uchaguzi wa 1994 iliingia na uzito wake wote: maghala makubwa, vyuo vingi, fedha, na sheria mpya ya nyaraka ya 1996. Iliingia pia na kisa kilichowafanya watu wa Nairobi watikise vichwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilibaini kwamba mwaka 1993, kwa muda wa miezi isiyozidi minane, makao makuu ya idara ya ujasusi pekee yaliteketeza takribani tani 44 za kumbukumbu, nyingi katika tanuru la kiwanda cha chuma. Safari hii waliochoma hawakuwa na meli ya kurudi nayo kwao. Walikuwa wananchi wa nchi hiyohiyo.

Mgogoro mgumu kuliko wote kwa ESARBICA, hata hivyo, upo ndani ya nyumba. Kuanzia 1946 hifadhi ya Salisbury, sasa Harare, ilihudumia Rhodesia Kusini, Rhodesia Kaskazini na Nyasaland kwa pamoja, na Shirikisho lilipoundwa 1953 makaratasi ya serikali yake yalirundikana hapohapo. Shirikisho lilipovunjika, kila nchi ilichukua yaliyo yake waziwazi, lakini ya pamoja yalibaki, na mwaka 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia Kusini, alipojitangazia uhuru wa walowezi, Zambia na Malawi zikawa zinatazama sehemu ya historia yao ikiwa mikononi mwa serikali isiyotambuliwa. Uhuru wa 1980 uliondoa kikwazo cha siasa, na Angeline Kamba, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuiongoza hifadhi ya Zimbabwe, akairudisha taasisi hiyo katika mazungumzo na majirani. Swali la kisheria likabaki lilelile. Jalada lililoandikwa na serikali moja kuhusu nchi tatu haligawanyiki kwa kisu, na Mkataba wa Vienna, ambao wajumbe wa kanda hii wameutaja mara nyingi dhidi ya London, haujaanza kutumika baina yao wenyewe pia. Kinachowezekana ni kunakili kwa gharama za pamoja na kukubaliana nani abaki na asilia, na hilo huamuliwa na serikali mbili mezani. Chama kinaweza kuwaandalia chumba cha kikao na mtu wa kuandika muhtasari.